Namba Tatu I Tayari

Nilistaafu mwezi uliopita, na meneja ameniomba niwaandikie nyinyi mnaobaki stesheni hii ya umeme, eti niwaachie ujuzi. Nadhani alitarajia kurasa mbili za nasaha: fikeni mapema, vaeni viatu vya kazi, mcheni Mungu. Basi fikeni mapema, vaeni viatu, mcheni Mungu. Hayo nimeyamaliza. Yaliyobaki nayaandika nikiwa na hasira, na anayetaka maneno matamu akasome kadi niliyopewa siku ya kuagwa.

Niliingia kazini nikiwa na shati la kuazima. Nilitoka kwetu Bofu alfajiri, nikavuka kivuko, nikapanda hadi Changamwe, nikafika langoni kabla ya mlinzi kumaliza chai yake. Kwa siku ya kwanza nilitarajia kufundishwa swichi na mishale ya mita. Badala yake nilikabidhiwa kwa Mzee Katana, Mgiriama wa Kisauni aliyekuwa amefanya kazi kwenye injini za meli mpaka masikio yakawa mazito. Nilimwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Waitwaje?"

"Bakari Mwachirua."

"Haya Bakari, njoo umshike huyu."

Akanipeleka kwenye injini namba moja, ndefu kama nyumba ya vyumba vitatu, imezimwa. Nikaweka kiganja. Akaniondoa mkono. "Kiganja kimeshazoea kushika kila kitu, kitakudanganya. Weka mgongo wa mkono. Wasikiaje?"

"Ana joto."

"Basi yu tayari. Kaandike."

Wageni wa kazi hii niwaeleze kidogo. Injini zetu sita zinakunywa mafuta mazito, yale meusi ambayo yakipoa huwa kama lami na hayapiti bombani. Kwa hivyo injini hata ikiwa imelala ni lazima ipashwe joto usiku na mchana, maji yake na mafuta yake, ili ikiitwa iamke kwa muda mfupi. Ikiachwa ipoe, kuiamsha ni kazi ya masaa mengi, na ukiilazimisha utaivunja. Kila asubuhi Nairobi, kule wanakogawa umeme wa nchi nzima, hupiga simu kuuliza nani yu tayari. Opereta wa zamu hujibu, kisha huandika kitabuni na kutia saini.

Mzee Katana alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, usiandike tayari kabla hujamshika. Ya pili ilikuwa ya lugha, na nilidhani ni mzaha mpaka aliponifuta mstari mzima kwa kalamu nyekundu. Injini yenye joto kwake ilikuwa kiumbe: yu tayari, yu macho, yu mgonjwa. Iliyopoa ilikuwa chuma tu: i baridi, i pale pale. Ukifungua vitabu vyetu vya zamani utakuta yu, yu, yu ukurasa mzima, halafu ghafla i, na papo hapo utajua kuna kazi inakungoja. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote. Tulifundishana kwa mdomo, kama tunavyofundishana birika la chai linawekwa wapi.

Kisa kimoja cha wakati huo lazima nikisimulie, maana ndicho kipimo changu. Ukame uliingia bara, mabwawa ya umeme yakashuka, na nchi ikawa inagawiwa mwanga kwa zamu. Sisi wa mafuta tukawa watu muhimu ghafla. Injini zote sita ziliwaka wiki kwa wiki. Asubuhi moja Mzee Katana alisimama karibu na namba tano, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye chuma na mpini kwenye sikio. Masikio yake hayakusikia mtu akimwita toka mlangoni, lakini injini aliisikia. Akaenda kwenye simu.

"Nairobi, namteremsha namba tano."

Mtu wa Nairobi akapandisha sauti hata mimi nikasikia. "Mzee, hiyo haiwezekani! Tunahitaji kila megawati!"

"Bwana, huyu ana homa."

"Ana nini?"

"Homa, bwana. Akifa leo hutampata kesho wala mwezi ujao."

Akamzima. Tulipomfungua tulikuta beringi moja imelika upande, bado kidogo ikamate na kupasua kila kitu. Hakuna aliyemshukuru. Lakini pia hakuna aliyemfukuza, na hilo nataka mlishike. Stesheni ilikuwa ya serikali, ilikuwa na uvivu wake na wezi wake wa dizeli, wala siipambi. Lakini mtu aliyeandika ukweli kitabuni alilala usingizi.

Ukame ule ndio uliotuletea soko huria. Walikuja wataalamu wenye vitambulisho shingoni, wakatueleza ukumbini kwamba serikali haifai kumiliki injini, kwamba wenye mitaji waachiwe washindane na umeme utakuwa mwingi na rahisi. Stesheni ikapata mwenyewe mpya. Mzee Katana, ambaye mkewe alikuwa akiuza nyanya Kongowea, aliuliza swali moja tu: "Na injini isipowaka, mwenyewe atakula nini?" Wakamjibu kwamba mkataba umezingatia hilo. Mwenye injini atalipwa kwa kuwa tayari, iwake isiwake, miaka yote ya mkataba.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mkewe akipeleka nyanya sokoni zisinunuliwe, alirudi nazo nyumbani zimelainika, na hasara ilikuwa yake. Hawa walipata soko ambalo muuzaji hulipwa kwa kuzionyesha nyanya, na asiyekula nyanya ndiye anayelipa. Mpaka leo nikisikia mtu redioni akisema umeme wetu una bei hii kwa sababu ya nguvu za soko, natamani kuitupa redio baharini. Ni soko gani hilo? Soko lina hasara. Lile lilikuwa posho, limevishwa suti. Na wanasiasa waliotia saini ndio hao hao waliokuja Changamwe wakati wa kura kutuambia bei ya tokeni za umeme inawauma rohoni.

Mzee Katana alistaafu, na miaka michache baadaye akafariki. Kitabu kikabaki kwangu.

Baadaye sera ikageuka tena. Mvuke wa Bonde la Ufa ukaja, na upepo wa kaskazini ukaja, tukaambiwa mafuta ni ya kizamani. Sina ugomvi na mvuke wala upepo. Wanawake wa Chaani wamefua nguo zao miaka yote hiyo wakizianua na madoa meusi ya moshi wetu, na kama kuna njia ya kuwapa umeme bila kuwachafulia shuka, mimi ni wa kwanza kupiga makofi. Kosa si kubadilika. Kosa ni kubadilika huku mkataba ukiendelea vile vile, sisi tukikaa na injini zilizolala, tukilipiwa utayari, na Pwani nzima ikining'inia kwenye nyaya zinazotoka mbali bara. Nyaya zile zikianguka, mtu pekee wa kututoa gizani ni injini ya hapa yenye joto. Kwa hivyo neno tayari halikuwa mapambo. Lilikuwa ndiyo bidhaa yetu pekee iliyobaki.

Na bidhaa hiyo tukaanza kuighushi.

Meneja aliyepo sasa alikuja akiwa na hamu ya kubana matumizi. Akaona boila inayopasha injini inakunywa mafuta kila siku kwa injini ambazo haziitwi. Jumatatu moja akaagiza namba tatu na namba nne, mbili pekee zilizokuwa bado zikipashwa, ziondolewe joto. Nilimfuata ofisini.

"Bwana meneja, zikipoa siwezi kuziandika tayari."

"Fundi Bakari, injini iko, si iko? Haijaibwa?"

"Iko."

"Mafuta iko kwa tangi, opereta iko kwa zamu. Basi iko tayari. Ikiitwa mtaipasha."

"Kuipasha ni masaa, bwana. Wao wanataka dakika."

"Imeitwa lini mara ya mwisho?"

Kweli haikuwa imeitwa siku nyingi. Akaniangalia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Wewe umebakisha miezi mingapi?" akauliza. Nikamwambia. "Basi maliza vizuri."

Kesho yake asubuhi nilishuka kwa namba tatu. Niliweka mgongo wa mkono. Ilikuwa baridi kama ukuta wa msikiti. Nikapanda juu, simu ya Nairobi ikalia, nikasema tayari. Kisha nikashika kalamu. Mkono ulikataa kuandika yu, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuandika baridi. Nikaandika: *Namba tatu i tayari.* Nikatia saini.

Sentensi hiyo haikuwa na maana kwa sheria ya Mzee Katana. Chuma kilichopoa hakiwezi kuwa tayari. Lakini nilijiambia kwamba sijadanganya. Nilijiambia nimeacha alama, na anayejua atajua. Wallahi, mtu mwoga ni fundi hodari wa kujidanganya. Nikaiandika hivyo siku nyingi mfululizo, namba tatu na namba nne, kwa mwandiko mzuri.

Sasa niwatajie kwa jina lake mtu aliyelipia. Riziki Charo mliobaki wengi wenu mnamjua. Nilimfundisha mimi, kwa mgongo wa mkono na kwa kalamu nyekundu, kama nilivyofundishwa. Alikuwa mkali wa kazi na wa maneno. Siku ya kwanza nilipomweleza habari ya yu na i alisema, "Kwa hivyo Mzee Bakari, mimi nikichelewa mtaniandika i nyumbani?" Tulicheka. Lakini hakuwahi kuikosea.

Siku yenyewe, nilimkabidhi zamu saa nane mchana. Alikuwa ametoka likizo siku hiyo hiyo, hajui lolote la boila. Nilipaswa kumwambia kwa mdomo. Badala yake nilimsukumia kitabu, nikamwambia, "Soma vizuri," nikaondoka kuwahi kivuko. Nilikuwa kwangu Bofu, mke wangu anapiga pasi kanzu yangu, pasi ikazimika mkononi mwake. Saa tisa alasiri. Akasema, "Tokeni imekwisha?" Nikachungulia nje. Kwa jirani feni imesimama, msikitini kipaza sauti kimekatika, na wanangu waliokuwa Mkomani wakapiga simu kusema huko nako hakuna. Nilijua laini ya bara imeanguka. Nilijua nani anaitwa sasa hivi. Nikakaa kitandani.

Niliyoyakosa nilielezwa baadaye. Nairobi waliita namba tatu. Riziki alifungua kitabu simu ingali inalia, akaiona ile i, akashuka mbio ngazi zote, akaweka mkono. Akapanda akawaambia Nairobi ukweli: injini i baridi. Meneja akafika akamwamuru aiwashe hivyo hivyo. Akakataa. Alisema mafuta hayajayeyuka, itapasuka, na kuna watu wawili kule chini. Akawasha boila, akaanza kuipasha kama inavyotakiwa. Pampu za maji zilisimama, na wakunga kwenye zahanati ya kwetu walizalisha kwa mwanga wa simu. Umeme ulirudi baada ya isha. Riziki ndiye aliyeurudisha.

Wiki ya pili waliletwa wachunguzi. Kampuni ikaeleza hivi: asubuhi injini iliandikwa tayari na opereta mzoefu kuliko wote, alasiri ikakutwa baridi mikononi mwa opereta aliyetoka likizo. Kwa hivyo aliiacha ipoe. Mtu yeyote aliyewahi kushika injini anajua haiwezi kupoa kiasi kile kwa saa moja. Lakini wachunguzi hawakuwa watu wa kushika injini. Nikaitwa. Riziki alikuwa ameketi upande wa dirisha, mikono mapajani. Mchunguzi, kijana wa heshima kutoka Nairobi, akanigeuzia kitabu.

"Mzee, hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

"Na hii i, ni nini? Namba moja ya Kirumi?"

Chumba kizima kikacheka kidogo. Riziki hakucheka. Aliniangalia, na macho yake hayakuwa na lawama bado, yalikuwa yakinipa nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilihitaji kusema sentensi moja: i maana yake baridi, nimeishika mwenyewe, haijapashwa tangu Jumatatu ile. Kurasa zote za nyuma zingenishuhudia.

Nikasema, "Ni lugha tu, bwana. Kiswahili cha huku kwetu."

Mchunguzi akaandika. Riziki akainamisha uso akawa anatazama mikono yake. Siku tatu baadaye alipewa barua ya kufukuzwa kwa uzembe.

Nimezaliwa na lugha hii. Nimewacheka watu wa bara miaka mingi kwa iko zao na kwa zao. Na siku ambayo lugha yangu ilihitajika kumwokoa mtu, niliitumia kumzika. Nina hasira na waliotunga mkataba ule. Nina hasira na wanaohubiri soko kila bei inapopanda na kuikimbilia serikali kila hasara inapokuja. Nina hasira na meneja na upole wake. Lakini hao wote hawakuwepo pale kalamu ilipogusa karatasi.

Siku ya kuniaga nilipewa birika la umeme. Meneja alitoa hotuba, akasema kwa miaka yote hii saini ya Mzee Bakari haijawahi kutiliwa shaka. Mkapiga makofi. Nilikula biriani yao nikaenda nyumbani, na birika lile sijalitoa kwenye boksi.

Wiki iliyopita nilikwenda Kisauni kumtafuta Riziki. Nilimkuta uani kwake, kwenye kibanda cha mabati, anauza makaa. Mtu niliyemfundisha kuwasha mji mzima amekaa katikati ya magunia, uso umeingia vumbi jeusi. Akaniambia biashara si mbaya. Tangu gesi na mafuta ya taa yalipopanda bei, mtaa mzima umerudi kwenye makaa, hata wenye majiko ya umeme.

"Shikamoo, Mzee Bakari."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Akampimia mteja kopo lake kwanza, akarudi, akafuta mikono kwenye leso. "Mimi nilikungoja," akasema. "Pale ndani. Nilisema mzee anapanga maneno, atasema sasa hivi. Mpaka wamefunga kitabu nilikuwa bado nakungoja."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Mimi nilipokataa kuiwasha, wadhani sikuogopa?"

Nikasema tena nisamehe. Akatikisa kichwa.

"Radhi nimekupa, mzee, sitaki kubeba mzigo wangu na wako. Lakini hiyo radhi ni ya hapa uani. Kitabuni bado ni mimi niliyemwacha apoe."

"Wataka nifanye nini?"

"Ulinifundisha nini mtu akikosea kuandika?"

Opereta akikosea hafuti wala hachani ukurasa. Anaandika upya chini yake, anaeleza, anatia saini kwa jina kamili.

Mwezi ujao serikali inakusanya maoni ya wananchi katika ukumbi wa Changamwe, kama mkataba wa stesheni uongezwe miaka mingine. Kampuni itasimama kusema imekuwa tayari siku zote. Nami nitasimama. Nakala moja ya karatasi hizi nimeshaipeleka kwa wachunguzi, nyingine nimemwachia Riziki, na hii ni yenu. Meneja ataisoma pia, salamu kwake. Kama wanataka kuninyang'anya kiinua mgongo changu wakinyang'anye, birika lao lipo. Vitabu vya zamani viko kabati la pili, rafu ya chini. Vifungueni muone wenyewe yu na i, kabla havijapotea.

Haya, ninasahihisha.

*Zamu ya asubuhi. Namba tatu i baridi, boila imezimwa kwa amri tangu Jumatatu. Namba nne vile vile. Si tayari. Opereta wa alasiri, Riziki Charo, hana kosa. Niliishika mwenyewe kwa mgongo wa mkono. Bakari Mwachirua.*